Mshika Fani Mbili

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wetu huinakili daftarini bila ya kuihoji. Nia ya makala haya ni kuihoji. Je, ni kweli kwamba mtu hawezi kushika mawili? Na ikiwa aweza, ayashike kwa namna gani ili lisimponyoke hata moja? Jibu nimekuwa nikilitafuta mahali ambapo yamkini baadhi ya walimu wenzangu watapashangaa, nako ni katika mchezo wa mezani unaochezwa kwa karatasi, kalamu, dadu na ulimi.

Mimi ni mwalimu wa lugha mwenye stashahada ya ualimu, na umri wangu umeshavuka miaka arobaini. Kama ilivyo desturi ya mafunzo yetu hapa Uganda, mwalimu wa sekondari hufunzwa masomo mawili, nami nilifunzwa Kiswahili na Historia. Nimefundisha Jinja kwa miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa Mbale, na katika miji yote miwili nimekuwa mlezi wa chama cha Kiswahili cha wanafunzi. Kila mwalimu aliyewahi kulea chama cha namna hii ajua taabu yake. Mjadala wa kwanza hujaza ukumbi, wa pili hupata nusu, na wa tatu huhudhuriwa na mwalimu, katibu na mwanafunzi aliyekuja kuazima kamusi. Nilikuwa nikitafuta jambo la kuwafanya vijana wakae pamoja saa mbili wakizungumza Kiswahili bila ya kuamriwa. Mpwa wangu alikuwa amerudi kutoka Nairobi na kitabu cha mchezo, nami nikakisoma usiku kucha.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Haufanani na mweso wetu wenye mashimo 32 na kete 64, maana hauna ubao wa lazima wala mshindi. Mtu mmoja huwa msimulizi. Wengine wanne au watano kila mmoja huchukua mhusika wake. Msimulizi husema, kwa mfano, kwamba mmefika mtoni, daraja limevunjika, na ng'ambo kuna sauti ya mtoto aliaye. Kisha kila mmoja hueleza kwa maneno yake mwenyewe mhusika wake afanya nini. Panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu, hurushwa dadu yenye pande ishirini. Dadu ya namna hiyo sikuipata madukani, basi tukaandika tarakimu 1 mpaka 20 katika vikaratasi tukavitia ndani ya kopo, na hadi leo kopo hilo ndilo dadu yetu. Napenda pia kuwajulisha wenzangu kwamba mwezi wa Januari mwaka 2023 wenye mchezo walizitoa kanuni zake za msingi kwa leseni huru, hivyo mwalimu aweza kuzifasiri na kuzitumia bila ya hofu, mradi ataje zilikotoka.

Kila mhusika katika mchezo huu huwa na kazi aliyofunzwa, na kazi hiyo ndiyo humpa uwezo wake. Kwa Kiingereza neno litumikalo ndilo lile lile la darasa na la tabaka la watu, wala hayo mawili hayafai hapa. Mimi nalichagua neno fani. Sisi walimu wa fasihi tumezoea kusema fani na maudhui, na kwa hakika maana hiyo nayo imo: fani ya mhusika ni umbo la nje la mambo anayoyataka moyoni.

Kuzifasiri fani zenyewe kulituchukua majuma matatu, na hapana kipindi cha msamiati nilichowahi kufundisha kilichozaa mabishano mema kuliko hayo. Yuko mtu wa vitabu ambaye hutenda maajabu kwa elimu yake. Wa kwanza kusema alipendekeza aitwe mchawi. Mwingine akapinga, akasema kwamba mchawi ni adui wa watu, na kwamba mzazi wake akisikia mtoto amekuwa mchawi siku ya Jumamosi hatamruhusu kurudi. Wa tatu akataka aitwe mganga. Akajibiwa kwamba mganga huponya, na huyu kazi yake kubwa ni kurusha moto. Mwisho tukakubaliana aitwe mjuzi. Mwimbaji na mtunzi hakuleta shida: huyo ni malenga. Mwizi tulimwita mjanja, maana kila mtoto aliyelelewa na hadithi za Sungura anamfahamu. Shujaa aliyejifunga kwa ahadi takatifu tulimwita mtu wa kiapo. Lakini ilipofika zamu ya yule mpiganaji mkali atokaye porini, kamusi ilitupa neno mshenzi, nami nikawaeleza jinsi neno hilo lilivyotumiwa pwani zamani kuwaita watu wa bara, yaani kuwaita watu kama sisi. Darasa likanyamaza. Tukamwita shujaa wa ghadhabu, na mshenzi akabaki ndani ya kamusi.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu, yaani kuchanganya fani. Mhusika huanza daraja la kwanza, na kadiri anavyopata uzoefu hupanda hadi daraja la ishirini. Swali linalowasumbua wachezaji tangu zamani ni hili: je, mpiganaji aweza kujifunza ujuzi wa vitabu? Kuhani aweza kushika upanga wa vita? Kanuni zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, na historia ya majibu hayo ina mafunzo kwetu.

Katika kitabu cha mwaka 1978 njia zilikuwa mbili. Mhusika asiyekuwa binadamu aliruhusiwa kushika fani mbili au tatu kwa pamoja, lakini kila alama ya uzoefu aliyoipata iligawanywa sawasawa, hivyo alipanda polepole katika zote. Binadamu aliwekewa njia nyingine iliyo kali zaidi. Yeye aliiacha fani yake ya kwanza kabisa, akaanza ya pili toka daraja la kwanza kama mtoto mchanga. Akiutumia uwezo wake wa zamani kabla ya fani mpya kuipita ile ya kwanza kwa daraja, alinyimwa alama za uzoefu za safari ile. Aliadhibiwa kwa kukumbuka. Toleo la mwaka 2000 lililegeza kamba, likamruhusu kila mhusika kuongeza fani nyingine kila apandapo daraja, ingawa aliyeacha fani zake zipishane mno aliweza kukatwa sehemu ya alama zake. Toleo la mwaka 2014 liliondoa adhabu hiyo. Lilidai jambo moja tu, kwamba mhusika awe na kipawa kisichopungua 13 katika kile kinachotakiwa na fani anayoitoka na katika kile kinachotakiwa na fani anayoiingia. Anayetaka kuchanganya sharti athibitishe kwamba anaimudu hata hiyo aliyo nayo.

Uhuru huu una mitego yake. Pale Jinja nilikuwa na kijana wa kidato cha pili, mtoto wa Walukuba. Wanaoujua mtaa ule wa wafanyakazi wanajua kwamba lugha hubadilika mlango kwa mlango, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha majirani. Kijana huyu alizungumza Kilusoga, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na mara nyingi zote nne katika sentensi moja. Mhusika wake alimjenga vivyo hivyo. Alipofika daraja la nane alikuwa na madaraja mawili ya mpiganaji, mawili ya mjuzi, mawili ya malenga na mawili ya mwindaji. Karatasini alipendeza. Lakini kanuni humpa mpiganaji pigo la pili afikapo daraja la tano la fani yake, naye hakulifikia. Kuongeza vipawa huja katika daraja la nne la fani, naye hakulifikia. Kwa hesabu ya maajabu alikuwa na nafasi za kutendea maajabu ya ngazi ya tatu, lakini maajabu aliyokwisha kujifunza yote yalikuwa ya ngazi ya kwanza. Alikuwa na mitungi mikubwa na maji ya kikombe. Wenzake walipambana, yeye akawa mtu wa kusaidia kidogo hapa na kidogo pale, mpaka siku moja akaniuliza kwa uchungu kwa nini mhusika ajuaye mengi kuliko wote ndiye dhaifu kuliko wote.

Sikumjibu mara moja. Nilimtaka atoe insha zake tatu za mwisho, tuzisome pamoja. Ndani ya insha zile zilikuwamo lugha nne, na hakuna hata moja iliyofika daraja la tano. Sikusema zaidi, maana kijana mwenye akili hahitaji kupigiwa ngoma mara mbili. Lakini nilimwambia jambo moja ambalo naliamini hadi leo: kwamba kuwa na lugha nne ni utajiri, na mtoto wa Walukuba asikubali kuambiwa kwamba ni kasoro. Taabu ni kuzimimina zote katika chungu kimoja kabla haijaiva hata moja. Mhusika wake wa pili alikuwa malenga hadi daraja la sita ndipo akaongeza fani nyingine, na insha zake nazo zikaanza kusimama kwa miguu yao wenyewe.

Kutokana na mambo hayo tulitunga, wanafunzi nami, kanuni nne za kuchanganya fani. Naziandika hapa kwa faida ya mwalimu atakayependa kuanza.

Kanuni ya kwanza ni kuchagua fani zinazokunywa kisima kimoja. Malenga hutegemea haiba, na mtu wa kiapo naye huihitaji haiba pamoja na nguvu za mwili. Kwa hiyo wawili hawa huchanganyika vizuri, kwani kipawa kimoja hulisha mikono miwili. Kuhani, mlinzi wa msitu na mwindaji wote hunywa katika kisima cha busara. Lakini mjuzi huishi kwa akili ya vitabu na shujaa wa ghadhabu huishi kwa misuli. Anayewachanganya hao hulazimika kulima mashamba mawili kwa jembe moja.

Kanuni ya pili ni kuiivisha ya kwanza kabla ya kuinjika ya pili. Katika fani nyingi daraja la tano ni kizingiti kikubwa: wapiganaji hupata pigo la pili, na kuhani na mjuzi hupata maajabu ya ngazi ya tatu. Anayeondoka darajani la nne huwaacha wenzake wakivuka mto naye akafunga viatu ukingoni.

Kanuni ya tatu ni kuchunguza kama fani zinazuiana. Shujaa wa ghadhabu akishapandwa na ghadhabu yake hawezi kutenda ajabu lolote mpaka ghadhabu imtoke. Ukimchanganya na mjuzi, basi umewaweka nyumba moja watu wawili ambao mmoja akiamka mwingine hulala.

Kanuni ya nne, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kubwa, ni kutazama pengo la kundi kabla ya kutazama tamaa yako. Mhusika hatembei peke yake. Ikiwa kundi halina mponyaji, daraja moja la kuhani mkononi mwa mpiganaji laweza kuokoa maisha ya watu watano. Ikiwa waponyaji ni watatu tayari, daraja hilo ni pambo.

Juu ya kanuni hizi niliongeza sharti langu kama mwalimu. Hapana mhusika anayeruhusiwa kuingia fani mpya mpaka mwenyewe aandike ukurasa mmoja kueleza ni nani aliyemfunza, ni wapi, na kwa nini. Anayeingia umalenga hutunga beti tatu za mizani nane na kuzighani mbele ya wenzake. Anayeingia ujanja hutega vitendawili vitano visivyokuwamo vitabuni. Anayeingia ukuhani hutunga dua au kiapo kwa lugha ya heshima, na anayeingia uwindaji hueleza njia ya kupita porini kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Mtaona, walimu wenzangu, kwamba katika kuchanganya fani za mhusika tumechanganya pia aina za maandishi ambazo mtaala unazitaka, tena mwanafunzi huziandika kwa hamu, kwa kuwa asipoandika hapandi.

Wapo watakaouliza kama mchezo huu wa kigeni una mizizi yoyote kwetu. Nawajibu kwamba fasihi yetu ilimjua mshika fani mbili zamani sana, naye ni Fumo Liyongo. Utendi wake, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unamsimulia mtu mwenye nguvu za kutisha na shabaha ya upinde isiyokosa, ambaye papo hapo ni mtunzi wa mashairi na bingwa wa ngoma ya gungu. Tazameni jinsi fani hizo zinavyofanya kazi. Alipotiwa gerezani Pate nguvu zake hazikumfaa kitu, maana walinzi walikuwa wengi na minyororo ilikuwa ya chuma. Ushairi ndio uliompatia njia: aliupeleka ujumbe kwa mama yake kupitia wimbo aliomwimbia Saada mjakazi, na walinzi waliousikia hawakuuelewa. Mama akaoka mkate mwema ambao walinzi waliutamani, na mkate wa wishwa ambao waliudharau, na ndani ya mkate wa wishwa mlikuwamo tupa. Usiku ule kelele za gungu zikafunika sauti ya tupa ikikata chuma, na hapo ndipo nguvu za mwili zikarudi kazini. Malenga alimfungulia mpiganaji mlango, mpiganaji akapita. Liyongo hakuwa nusu mshairi na nusu askari. Alikuwa mshairi kamili aliyejua ni saa ipi ya kuimba na saa ipi ya kuvunja. Huu ndio mfano ninaowapa wanafunzi kila mwaka, nao huusoma utendi kwa macho mapya, wakihesabu madaraja ya Liyongo kama wahesabuvyo mabao ya mpira.

Nilipohamia Mbale, chini ya majabali ya Wanale, nilikuta jambo ambalo Jinja halikujitokeza kwa uzito ule. Kundi la kwanza tuliloliunda lilikuwa na msichana wa kidato cha tatu kutoka vijiji vya mlimani. Katika orodha ya fani niliyokuja nayo, mpiganaji alikuwa ameandikwa kwa jina la askari, kwa kuwa wanafunzi wa Jinja walilipenda hivyo. Msichana akasema kwa adabu lakini kwa uthabiti kwamba hatacheza katika kundi lenye askari. Nilipomwuliza sababu, alinieleza baadaye, tukiwa wawili na mwalimu mwenzangu wa kike, kwamba nyanya yake hataki Kiswahili kisemwe nyumbani. Watu waliokuja usiku katika miaka ya 1970 na kumchukua ndugu wa nyanya walikuwa askari, na amri zao walizitoa kwa Kiswahili. Ndugu huyo hakurudi.

Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaosoma jarida hili huenda wasiujue uzito wa jambo hili. Huku kwetu Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na kwa watu wengi sauti yake ya kwanza ilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Kwamba katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na kwamba mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, ni habari njema kwetu sisi walimu. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia jikoni kwa bibi kizee na kumwamuru asahau.

Neno askari tuliliondoa katika orodha siku ile ile, tukaandika mpiganaji. Msichana akachagua kuwa kuhani, na kwa miezi mingi akawa mponyaji wa kundi, mtulivu, asiyezungumza zaidi ya inavyohitajika. Alipofika daraja la tano alipata uwezo ambao huupata makuhani wa daraja hilo, wa kumrudishia uhai mtu aliyekufa kwa muda usiozidi dakika moja. Kundi lilikuwa na pengo: hawakuwa na mtu wa kusimama mbele akiwakinga wengine. Kwa kanuni yetu ya nne ilimpasa yeye kuchukua daraja moja la upiganaji, naye alikuwa na nguvu zilizotosha. Akaja kwangu baada ya kipindi.

"Mwalimu," akasema, "nikiichukua fani ya pili, ile ya kwanza inapotea?"

Nilifahamu kwamba haulizi juu ya mchezo tu. Nilimjibu, "Mwanangu, kwa kanuni za mwaka 1978 ungelazimika kuiacha, na ukiikumbuka ungeadhibiwa. Kanuni tunazotumia sisi hazisemi hivyo. Utabaki kuhani wa daraja la tano na utakuwa mpiganaji wa daraja la kwanza, na umahiri wako utahesabiwa kwa jumla yake, yaani sita. Kuna gharama: maajabu makubwa yanayofuata yatachelewa kwa daraja moja. Lakini ulichonacho hakiondolewi."

Akafikiri, akasema, "Basi nitachelewa." Akaandika ukurasa wake. Katika ukurasa huo kuhani hakufunzwa vita na askari yeyote. Alifunzwa na mwanamke mzee aliyelinda kijiji chake kwa fimbo ya kuchungia, na majina ya miti ya dawa aliyoyataja yalikuwa ya Kilumasaaba, kila moja likifuatiwa na maelezo yake kwa Kiswahili safi. Nilipomwuliza ameyapata wapi, alisema amemsimulia nyanya yake habari za mchezo kwa lugha ya nyumbani, na nyanya ndiye aliyemtajia miti. Bado Kiswahili hakijaingia katika nyumba ile, wala mimi sikukipeleka. Lakini majina ya miti yametoka humo yakaingia katika daftari la Kiswahili, na kila Jumatatu msichana huja na mengine mawili au matatu.

Jambo hili limenifanya niitazame upya desturi ambayo wengi wetu tuliipitia tulipokuwa wanafunzi, ya kumvika kibao shingoni mtoto aliyesema lugha ya mama yake shuleni. Desturi ile, tukiipima kwa mizani ya mchezo, ni kanuni ya mwaka 1978: iache ya kwanza, anza kama mtoto mchanga, na ukikumbuka utaadhibiwa. Waliotunga mchezo waliiacha kanuni yao baada ya miaka ishirini na miwili. Zipo shule ambazo mpaka leo hazijaiacha yao. Sidai kwamba mtoto afundishwe Kiswahili kwa kuchanganya maneno ovyo. Kijana wa Walukuba ni shahidi wangu. Nadai kwamba lugha ya kwanza ihesabiwe katika jumla ya umahiri wake. Mtoto aliyekwisha kujua kutega kitendawili kwa Kilusoga hajifunzi kutega kitendawili. Hajui tu maneno yake kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa Bugisu, ambaye amewasikia vijana wa imbalu wakiimba katika miaka ya shufwa huku wakizunguka kwa jamaa zao, haji darasani bila ya kuujua ushairi. Mwalimu anayeanzia daraja la kwanza kwa mtoto wa namna hii anapoteza muda wa watu wawili.

Kwa hiyo nairudia methali yetu, nami sitaki kuikana. Mshika mbili moja humponyoka, ikiwa amezishika zote mbili kwa mkono mmoja, siku moja, na bila ya kujua kila moja ni ya kazi gani. Aliyeiivisha ya kwanza, akachagua ya pili yenye kisima kimoja nayo, akahakikisha kwamba hazizuiani, na akaichagua kwa ajili ya pengo la wenzake, huyo methali haikumkusudia.

Mwalimu atakayependa kujaribu hahitaji fedha. Ahitaji kopo, vikaratasi ishirini, daftari, na wanafunzi watano kwa kila kundi; wakizidi sita, wengine hunyamaza na lengo letu hupotea. Aanze na fani nne tu, na asiruhusu kuchanganya kabla ya muhula wa pili. Aliye na darasa kubwa awafunze kwanza wasimulizi wanane, kila mmoja aongoze kundi lake, naye atembee kati yao akisahihisha lugha kwa sauti ya chini.

Namalizia kwa ombi kwa wanachama wenzangu. Nimetumia fani kwa kazi ya mhusika, daraja kwa ngazi yake, na mshika fani mbili kwa yule anayechanganya. Sina hakika kwamba neno hili la mwisho litapendeza masikioni mwa watu wa Unguja au Mombasa. Mwenye neno bora zaidi na aliandike katika toleo lijalo, tulijadili. Na wenye majina ya miti ya dawa kwa Kiswahili sanifu, hasa miti ya milimani ambayo pwani haioti, nawaomba mtuletee. Lipo daftari moja hapa Mbale linaloyangoja.